Vitonge vya karanga, ufuta na asali: kitafunwa cha Kinampanda kisichohitaji tanuri

Mtoto wa Kinampanda anayekwenda shule asubuhi mara nyingi huondoka na chai ya rangi tumboni na, akibahatika, shilingi mia mbili mkononi. Fedha hiyo huishia kwenye pipi au biskuti ya dukani, yaani unga mweupe, sukari na mafuta. Nyumbani alikotoka kuna karanga kwenye gunia, kuna ufuta kwenye debe, pengine na chupa ya asali juu ya kabati inayosubiri mtu apate kikohozi. Vitu hivyo vitatu vikikutana kinuni, vinatoa vitonge vidogo vitamu, vyenye nguvu, ambavyo havihitaji tanuri, umeme wala jokofu. Naandika nikiwafikiria akina mama na akina baba wa huku Iramba, na vijana wa Chuo cha Ualimu cha hapa Kinampanda ambao njaa ya saa nne huwakuta darasani, kwa sababu naamini kabisa kwamba tunauza gunia zima la chakula bora ili tununue pakiti ya chakula duni.

Kitu chenyewe si kigeni kwetu. Pwani wana kashata za karanga na za nazi, wana ladu. Kashata, hata hivyo, hushikana kwa sukari iliyochemshwa ikawa shira nzito, na katika mapishi mengi sukari hiyo hukaribia kulingana na karanga zenyewe. Vitonge ninavyovisema hapa hushikana kwa mafuta ya karanga iliyotwangwa, pamoja na asali kidogo. Hapo ndipo afya inapoanza.

Ukitafuta mapishi ya namna hii kwenye simu utaambiwa ununue shayiri iliyopondwa, lozi, mbegu za chia na chokoleti, kisha uweke mchanganyiko kwenye friza. Usivunjike moyo. Mapishi yale yameandikwa na watu waliotumia kilichokuwa jirani nao, nasi tufanye hivyohivyo. Mkoa wa Singida unajulikana nchi nzima kwa alizeti na asali, na mashamba ya Iramba hutoa pia karanga, ufuta, mtama, uwele na ulezi. Ukielewa kazi tatu tu, utaweza kubadilisha viungo kadiri ya msimu na mfuko: lazima kiwepo kitu cha mafuta kitakachokuwa mwili wa kitonge, kiwepo kitu kikavu cha kunyonya mafuta ili kitonge kisilegee, na kiwepo kitu cha kunata. Karanga ni mwili, unga wa ulezi uliokaangwa ni mnyonyaji, asali ni gundi. Ufuta na alizeti husaidia mwili na kuongeza ladha.

Sasa nizungumzie karanga, na hapa sitaharakisha, maana ubora wa vitonge huamuliwa kabla hujagusa mchi.

Karanga ina protini karibu gramu 25 katika kila gramu 100, na mafuta karibu nusu ya uzito wake. Ni chakula kizito cha kweli. Lakini karanga pia ni miongoni mwa mazao yanayopendwa sana na kuvu wa jamii ya Aspergillus, wanaotengeneza sumukuvu. Dunia ilishtuka mwaka 1960, bata mzinga zaidi ya laki moja walipokufa Uingereza, na uchunguzi ukafika kwenye mashudu ya karanga waliyolishwa. Kwa upande wetu mfano uko karibu mno: mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara tunayopakana nayo, watu 68 waliugua kwa sumukuvu na 20 kati yao wakafariki. Safari hiyo chanzo kilikuwa mahindi, lakini kuvu ni yuleyule, na hali ya hewa ya kwao na ya kwetu hazitofautiani sana. Mtu asiyekula nyingi kiasi cha kulazwa bado huumia polepole, kwa sababu sumu hii ikiingia mwilini mwaka hadi mwaka husababisha saratani ya ini, na hatari huzidi kwa mwenye homa ya ini aina ya B. Kwa watoto imehusishwa pia na kudumaa.

Wengi hudhani moto unaimaliza. Haumalizi. Kukaanga hupunguza kiasi fulani tu, na kinachobaki hakina harufu wala rangi ya kukuonya. Kwa hiyo kinga iko mikononi, machoni na juani. Ukivuna, anika karanga zikiwa kwenye maganda juu ya turubai au kichanja, usizimwage juu ya udongo mtupu, na zifunike umande ukianza kushuka. Zimekauka ukilitikisa ganda karibu na sikio na kusikia mbegu ikigonga ndani. Usizinyunyizie maji ili zimenyeke upesi. Najua vidole huuma, na najua wapo wanaofanya hivyo kwa sababu mnunuzi anasubiri, lakini maji hayo ndiyo mwaliko wenyewe wa kuvu. Hifadhi zikiwa na maganda, menya zile tu unazohitaji.

Kisha zichague. Tandaza karanga zilizomenywa kwenye ungo mweupe au sinia, mahali penye mwanga, na uondoe zote zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu na zenye ukungu. Sumukuvu haisambai sawasawa katika gunia. Hujikusanya kwenye mbegu chache mbovu, na ndiyo maana kuchagua kwa mkono, kazi inayoonekana ndogo, huondoa sehemu kubwa sana ya hatari. Nyumba nyingi huchagua karanga nzuri za kuuza au za kukaanga kwa ajili ya wageni, kisha zile mbovu zinatwangwa za kuungia mboga, kwa kuwa zikishatwangwa hazionekani. Tuache. Zile ndizo zenye sumu, na anayezila ni mtoto wa nyumba hiyohiyo. Wala usiwatupie kuku. Kuku wa Singida wana jina lao mpaka Dar es Salaam, na sumukuvu huwadumaza kama inavyomdumaza binadamu. Mbovu zichome au zifukie.

Kwa sababu hiyohiyo, nakushauri usinunue unga wa karanga uliokwisha kusagwa sokoni kwa ajili ya vitonge. Anayeuza anaweza kuwa mtu mwaminifu kabisa, lakini wewe huna namna ya kujua kilichoingia mashineni. Nunua mbegu nzima mnadani, onja mbili tatu, na ukikutana na chungu iteme.

Zilizochaguliwa zikaange kwenye sufuria nzito au chungu, moto mdogo, ukigeuza bila kuacha. Dakika 15 hadi 20 hutosha. Ganda jekundu likianza kuchubuka ukisugua na harufu ikajaa jikoni, epua kabla hazijawa kahawia sana, kwa kuwa zinaendelea kuiva kwa joto lake zenyewe. Pepeta maganda. Ndiyo, jiko tumewasha. Kisichohitajika ni tanuri na kuoka vitonge vyenyewe. Moto huu wa awali hutoa unyevu na kuleta ladha, na karanga mbichi haiwezi kukupa hata kimoja kati ya hivyo.

Twanga zikiwa bado na uvuguvugu. Mafuta hutoka kwa urahisi zaidi, na mchi hauchoshi. Simama pale ambapo karibu theluthi mbili zimekuwa rojo zito la kung'aa na zilizobaki ni chengachenga. Chenga ndizo zinazofanya kitonge kiwe na kitu cha kutafuna. Ila ukiwatengenezea watoto walio chini ya miaka mitano, twanga mpaka zilainike kabisa, maana kipande cha karanga kinaweza kumkaba mtoto mdogo.

Ufuta hauna maneno mengi isipokuwa mchanga. Uoshe kwa maji mengi kwenye beseni, ukoroge, uache mchanga uzame, kisha uopoe ufuta wa juu kwa mkono au chujio na urudie mpaka chini pasibaki kitu. Anika ukauke, halafu ukaange kwa dakika chache tu. Ukianza kurukaruka na kunukia, toa. Ufuta usiokobolewa ni hazina ya kalisi kwa nyumba isiyo na ng'ombe wa maziwa, na kati ya nafaka zetu ulezi ndio wenye kalisi nyingi zaidi.

Alizeti inastahili neno la tahadhari. Sisi tumezoea kuiona ikienda kwenye mashine ya kukamua na kurudi ikiwa mafuta na mashudu, hata tukasahau kwamba mbegu yenyewe ni chakula, yenye protini na vitamini E kwa wingi. Menya maganda, kaanga kidogo, tumia. Mbegu ndogo nyeusi za kukamulia mafuta zinasumbua kumenya, kwa hiyo wape watoto wakubwa kazi hiyo jioni, au tumia kiasi kidogo tu. Lakini usithubutu kula wala kumpa mtu mbegu iliyobaki kwenye pakiti ya kupandia. Mbegu za madukani za kupanda hupakwa dawa, mara nyingi zenye rangi ya waridi, kijani au buluu, na kuosha hakuzifanyi salama. Hili ni kweli kwa alizeti, mtama, mahindi na karanga pia.

Ulezi uoshe kama ufuta, ukauke, ukaange mpaka utoe harufu ya uji ulioiva, ndipo usage. Unga mbichi usiutie kwenye kitu kisichopikwa tena, kwani unaweza kubeba vijidudu vya tumbo, na ladha yake ni ya chaki. Usipokuwa na ulezi, mtama mweupe hufaa, na ukipata bisi za mtama ukazivunjavunja kwa mkono utapata vitonge vyepesi vinavyopendwa sana na watoto.

Tuje kwenye asali. Asali ya nyuki wakubwa ni nzito na hunata vizuri. Ile ya nyuki wadogo wasiouma ni nyepesi, ina maji zaidi na uchachu kidogo, na pia bei yake ni kubwa. Iache kwa matumizi mengine, haitashika kitonge. Asali inayotoka kwenye mizinga ya magogo mara nyingi huja na vipande vya masega na majivu ya moshi, basi ichuje kwa kitambaa safi kikavu. Mwezi wa Juni na Julai, baridi ikishuka, itaganda. Haijaharibika wala si dalili kwamba imechanganywa na sukari. Simamisha chupa kwenye maji ya moto yasiyochemka, itayeyuka.

Vipimo vyangu ni hivi, kwa kikombe cha kawaida cha robo lita: karanga vikombe viwili kabla ya kutwanga, alizeti iliyomenywa nusu kikombe, ufuta nusu kikombe, unga wa ulezi uliokaangwa nusu kikombe, asali vijiko vikubwa vitano, unga wa ubuyu vijiko vikubwa viwili, na chumvi ya kushikwa kwa vidole viwili. Ubuyu ninaousema ni ule mkavu, mweupe, uliotoka kwenye kibuyu chake, ukachekechwa kuondoa nyuzi na kokwa. Ule wa kupikwa na sukari na rangi si huu. Huleta uchachu unaoamsha ladha ya asali, na vitamini C yake husaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye mbegu na nafaka. Ukiukosa, endelea bila huo.

Changanya vikavu vyote kwanza kwenye bakuli, tia karanga iliyotwangwa, kanda, kisha mimina asali kijiko kimoja kimoja. Usimwage yote kwa pamoja, kwa sababu karanga za mavuno haya na za mwaka jana hazitoi mafuta sawa. Baada ya kijiko cha nne, mega kidogo, finya kiganjani. Kikishikana bila kupasuka na bila kubandika vidole, acha hapo hata kama asali imebaki. Kikipukutika, usiongeze asali haraka. Rudisha kiasi cha mchanganyiko kinuni, twanga tena mafuta yatoke, mara nyingi hilo peke yake humaliza tatizo. Kikilegea, ongeza unga wa ulezi kijiko kimoja na uache bakuli litulie nusu saa unga unyonye.

Finyanga vitonge vya ukubwa wa ndimu ndogo. Mikono iwe imeoshwa kwa sabuni na kukaushwa kabisa, na ikinata ipake tone la mafuta, kamwe si maji. Kosa la kuchovya vidole kwenye maji, kama tunavyozoea tunapokula ugali, ndilo linaloharibu vitonge vingi siku ya tatu. Ukitaka, vingirisha juu ya ufuta uliobaki. Kwa vipimo hivyo utapata takriban vitonge 30, kila kimoja gramu 20 hivi.

Kila kitonge kina nguvu ya karibu kilokalori 100. Viwili vinamfikisha mwanafunzi mpaka mlo wa mchana. Vinane kwa mtu mzima anayekaa kitini kutwa ni mlo mzima juu ya mlo. Asali nayo ihesabiwe. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linaweka asali kwenye kundi moja na sukari ya kuongeza, na linashauri kundi hilo lisizidi asilimia 10 ya nguvu ya chakula cha siku, na bora zaidi lishuke chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni kama vijiko vidogo sita vya sukari. Vitonge viwili vya vipimo hivi vina asali isiyozidi kijiko kidogo kimoja. Mwenye kisukari bado ale kwa kipimo, na asidanganywe na wale wanaosema asali ya asili haipandishi sukari mwilini. Inapandisha.

Wapo wasiopaswa kuvila kabisa. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe asali kwa namna yoyote, hata ya kupaka ulimini, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vinavyotoa sumu ya kupooza misuli kwenye utumbo wake mchanga. Mila ya kumwonjesha mtoto mchanga asali naiheshimu, lakini katika hili naomba bibi na mama mkwe watusikilize. Na mtu anayevimba midomo, kuwashwa mwili au kubanwa pumzi baada ya kula karanga au ufuta asijaribu kidogokidogo kuona kama atazoea. Akionyesha dalili hizo, apelekwe kituo cha afya bila kusubiri.

Kuhifadhi ni rahisi kwa hewa kavu ya Kinampanda. Bati au ndoo ndogo yenye mfuniko unaobana, iliyo kavu, mbali na jua na jiko, huvitunza wiki mbili bila shida. Kinachoviharibu mwishoni ni mafuta kuchacha: vikianza kunuka kama rangi ya mafuta au kuwa na uchungu, visiliwe. Baadhi ya watu hubadilisha asali kwa ndizi mbivu au kiazi kitamu kilichopondwa. Ni vizuri na ni nafuu, ila fahamu kwamba umeingiza maji, hivyo viliwe siku hiyohiyo. Tende, zinazojaa madukani wakati wa Ramadhani, ziko katikati: zikiwa kavu, zikatolewa kokwa na kupondwa, hushika kuliko hata asali, na vitonge vyake hukaa siku kadhaa.

Kuhusu chai: tusivile pamoja. Chai ya rangi huzuia mwili kufyonza madini ya chuma, na wasichana wetu wanaohitaji chuma kuliko wengine ndio wanaokunywa chai kavu asubuhi. Mtoto anywe chai yake nyumbani, vitonge avifunge kwenye karatasi safi au kikopo, avile saa nne na maji.

Kwa kikundi cha akina mama kinachotaka kuviuza chuoni au mnadani, anzeni na kilo chache na mjue gharama halisi, mkihesabu na kuni na muda wa kuchagua karanga. Andikeni tarehe ya kutengenezwa na viungo vyote kwenye lebo, karanga na ufuta zikitajwa waziwazi. Masuala ya usalama wa chakula yalihamia Shirika la Viwango Tanzania mwaka 2019, kwa hiyo usajili wa bidhaa uko huko, na SIDO, shirika la viwanda vidogo, mkoani Singida ni mahali pa kuuliza kuhusu mafunzo na vifungashio. Mnunuzi akiwauliza kwa nini bei yenu ni kubwa kuliko ya kashata ya barabarani, mwonyesheni ungo wa karanga mlizozitoa.